Kuiandaa Programu ya Tovuti kwa Lugha Nyingi: Mifano ya Bukoba na Muleba

Miongoni mwa kazi zinazoletwa katika madawati ya istilahi siku hizi, orodha za maneno ya kompyuta zimekuwa nyingi mno. Orodha ya namna hiyo huja na safu mbili: kushoto maneno ya Kiingereza, pengine 800, pengine 3000, na kulia safu tupu inayosubiri kujazwa Kiswahili. Barua inayoambatana nayo huwa fupi. Hueleza kwamba mfumo umekwisha kamilika, kwamba watakaoutumia ni watumishi wa zahanati, au maofisa watendaji wa kata, au wakulima, na kwamba tafsiri inatakiwa kabla ya mwisho wa wiki. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini orodha kama hiyo haiwezi kutafsiriwa vizuri hata na mtafsiri aliye bingwa, na ni mambo gani yapaswayo kufanywa ndani ya programu yenyewe kabla mtafsiri hajashika kalamu.

Mifano nimeichukua Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu huko lugha tatu hukutana katika meza moja: Kiingereza cha waliotunga programu, Kiswahili cha ofisi, na Kihaya cha nyumbani. Mifumo nitakayoizungumzia, mmoja wa kuandikisha wagonjwa na mwingine wa kuandikisha ardhi, ni ya kubuni kwa ajili ya maelezo. Lakini matatizo yake si ya kubuni.

Msimbo, tungo na ufunguo

Programu ya tovuti huandikwa kwa lugha ya kompyuta, na maandishi hayo ndiyo tunayoyaita msimbo. Ndani ya msimbo kuna maneno ambayo kompyuta yenyewe haiyajali hata kidogo, bali yamewekwa humo ili binadamu ayasome katika kioo: majina ya vitufe, vichwa vya fomu, maonyo, taarifa kwamba jambo fulani limefanyika. Kila kipande cha maneno hayo tutakiita tungo, kwa kulipanulia matumizi neno ambalo walimu wa sarufi wamekwisha lizoea. Mwandishi wa programu asiyefikiria lugha nyingine huziandika tungo zake palepale zinapohitajika, zikatapakaa katika mamia ya mafaili kama mawe ndani ya mchele. Kumtaka mtu azitafsiri zikiwa humo ni kumtaka aichague mchele punje kwa punje. Tena kila lugha mpya itahitaji nakala nzima ya msimbo, na kosa likisahihishwa katika nakala moja litabaki katika nyingine.

Njia iliyozoeleka ni kuzitoa tungo zote katika msimbo na kuziweka mahali pake, katika faili la tafsiri. Pale zilipokuwapo hubaki ufunguo, yaani jina fupi la kila tungo. Programu inapofika hapo huuliza mtumiaji amechagua lugha gani, ikaenda kwenye faili la lugha hiyo, ikatafuta ufunguo, ikarudi na tungo iliyo mbele yake. Lugha ikiongezeka huongezeka faili, msimbo haubadiliki. Na kama mtafsiri bado hajaifikia tungo fulani, programu huichukua kutoka lugha nyingine iliyowekwa kuwa akiba, ili kioo kisionyeshe pengo. Utaratibu huu si mgeni. Zana iitwayo gettext, ya mradi wa GNU, imekuwapo tangu mwaka 1995 na ingali inatumika, na lugha nyingi za kuandikia programu za tovuti zina zana zake zilizofuata mtindo huohuo.

Hapa hapana budi tutenganishe kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni maandalizi ya lugha nyingi: kuutengeneza msimbo uwe tayari kupokea lugha yoyote. Hiyo ni kazi ya waandishi wa programu, na hufanywa mara moja. Ya pili ni ujanibishaji: kuiingiza lugha fulani pamoja na desturi zake za tarehe, saa, namba na fedha. Hii ni kazi ya watu wa lugha, na hurudiwa kwa kila lugha. Mradi wa Kilinux, ambamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, uliwezekana kwa kuwa maandalizi yalikwisha fanywa na wengine: OpenOffice ilikuwa imetungwa tangu awali ipokee lugha nyingi. Watafsiri wetu walikuta mlango u wazi. Programu nyingi zinazotungwa kwa mahitaji ya hapa nchini hazina mlango huo, na ndiyo maana nathubutu kusema kwamba tafsiri mbovu ya programu aghalabu huwa imekwisha andikwa kabla mtafsiri hajaitwa.

(Wanaopenda historia watakumbuka kwamba toleo la kwanza la Tafsiri Sanifu lilitoka mwaka 1974, mwaka uleule serikali ilipokataza kompyuta kuingizwa nchini. Istilahi zilikuwa na muda wa kutosha wa kutangulia chombo; inasikitisha kidogo kwamba chombo ndicho kilichotangulia.)

Neno moja, maana mbili

Tuanze na ugumu ulio dhahiri zaidi. Katika orodha yetu ya safu mbili kuna neno la Kiingereza 'ward', limeandikwa mara moja tu. Mwandishi wa programu, akiona kwamba neno hilo linatumika katika fomu mbili, alilipa ufunguo mmoja, akidhani anaweka akiba. Mtafsiri akiandika "wodi", fomu ya kumwandikisha mgonjwa anayetoka Kashai, katika Manispaa ya Bukoba, itasomeka "Wodi: Kashai". Akiandika "kata", fomu ya kumlaza mgonjwa itamwambia muuguzi achague kata ya wanaume au kata ya wazazi. Hakuna neno la Kiswahili litakalofaa pande zote mbili, wala hakuna sababu ya kulitafuta. Linalotakiwa ni funguo mbili.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulithibitishwa katika Wilaya ya Bukoba. Kabla mlipuko huo haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Katika maradhi ya namna hii kila mtu aliyekaribiana na mgonjwa hutafutwa na kuchunguzwa kwa siku 21. Kwa Kiingereza mtu huyo huitwa 'contact', na neno hilohilo ndilo linaloandikwa juu ya nafasi ya kujazia namba ya simu. Katika programu yenye ufunguo mmoja, tafsiri ya "mawasiliano" itakuwa sahihi kwa namba ya simu, lakini mtumishi atakayefungua ukurasa wa ufuatiliaji na kukuta kichwa "Mawasiliano" ataandika nini? Huenda akaandika simu ya mgonjwa, na majina ya waliotangamana naye yasiingie popote. Kosa hilo halimo katika kamusi wala katika kichwa cha mtafsiri. Limo katika ufunguo.

Neno 'expired' nalo lina vitimbi vyake: dawa muda wake umekwisha, kipindi cha kuingia katika mfumo kimekwisha, mgonjwa amefariki. Sina haja ya kueleza kitatokea nini tafsiri ya kwanza ikiwekwa mahali pa tatu.

Dawa yake ni nyepesi. Kila ufunguo uwe wa matumizi mamoja, na kando yake mwandishi wa programu aandike sentensi moja ya muktadha: tungo hii iko katika ukurasa gani, ni amri au ni hali, nani anayeisoma. Zana karibu zote zina nafasi ya maelezo hayo. Nafasi hiyo huachwa tupu kwa sababu anayetunga programu anaujua muktadha na hadhani kwamba kuna asiyeujua.

Ngeli

Ugumu wa pili hauonekani kwa mtu ambaye lugha yake haina ngeli. Mwandishi wa programu anayefikiri kwa Kiingereza hutengeneza taarifa kwa kuunga vipande: anachukua jina la kitu kutoka mahali pamoja na neno la kueleza kilichotendeka kutoka mahali pengine. Kwa lugha yake kitenzi hakibadiliki, kiwe kimefutwa kitabu au amefutwa mtu. Kwa hiyo humletea mtafsiri vipande viwili: jina, na kitendo cha "kufutwa". Mtafsiri aandike nini? Mgonjwa amefutwa, jina limefutwa, kadi imefutwa, kipimo kimefutwa, vipimo vimefutwa, ukurasa umefutwa. Akichagua "imefutwa" kwa vyote, tutapata "Mgonjwa imefutwa" na "Kipimo imefutwa", na mwananchi atajifunza kwa macho yake, kila siku ya kazi, kwamba upatanisho wa kisarufi ni jambo la hiari.

Neno "ngeli" lenyewe tumelipata kwa Wahaya, ambao kwao lina maana ya aina au namna. Lilipokelewa katika sarufi ya Kiswahili kwa kuwa lilikidhi haja, na leo mwanafunzi wa Mtwara au Pemba hulitumia bila kujua kwamba limetoka ng'ambo ya pili ya nchi. Kihaya nacho kina ngeli zake na upatanisho wake: omuntu na abantu, ekitabo na ebitabo. Hivyo basi programu iliyoandaliwa kuzipokea ngeli za Kiswahili itakuwa imekwisha jiandaa kwa sehemu kubwa kuzipokea za Kihaya, na za Kinyambo, na za Kisukuma. Kazi haifanywi mara mbili.

Maandalizi yenyewe yana njia tatu. Njia iliyo bora ni kuandika tungo kamili kwa kila kitu: tungo moja ya mgonjwa aliyefutwa, nyingine ya kadi, nyingine ya kipimo. Faili la tafsiri hurefuka, lakini Kiswahili hunyooka, na mtafsiri hana cha kukisia. Njia ya pili ni kuiwezesha tungo ichague: ufunguo huwa na matawi, na programu hupewa alama ya ngeli ya kila jina ili ijue tawi la kufuata. Njia hii ni ya lazima pale ambapo majina ni mengi au huongezwa na watumiaji wenyewe. Lakini huhitaji mtu wa lugha aketi na mwandishi wa programu na kuyapa majina yote alama, wala hilo halifanyiki kwa barua. Njia ya tatu ni kuukwepa upatanisho kwa kuanza na nomino ya kitendo, kwa mfano "Ufutaji umekamilika", kisha jina likaandikwa peke yake chini yake. Hiyo ni sarufi sahihi. Mimi siipendi, kwa kuwa hukifanya Kiswahili kiwe kikavu kama hati ya stakabadhi, lakini ni afadhali kuliko "Mgonjwa imefutwa".

Kuhusu wingi maneno machache yatatosha. Zana za kisasa huuliza kila lugha ina maumbo mangapi ya kuhesabia. Kijapani hujibu moja, Kiswahili mawili, Kiarabu sita. Mtafsiri wa Kiswahili ataandika "mgonjwa 1" na "wagonjwa 5", na lililo muhimu ni kwamba namba iwe ndani ya tungo, katika nafasi iliyoshikiwa, ili aweze kuihamisha. Kiingereza hutanguliza namba. Kiswahili hutanguliza jina. Namba iliyofungwa nje ya tungo hutupa "5 wagonjwa", nasi tumekwisha kuyaona mengi ya namna hiyo.

Saa

Ni katika saa ambapo mtumiaji anaweza kuumia bila kosa lolote la maneno. Tuseme zahanati moja ya Muleba inawaandikia akina mama ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya kliniki. Katika hifadhidata miadi imeandikwa 08:00. Mtafsiri ameletewa tungo yenye nafasi ya saa, akaandika kwa uaminifu: "Unakumbushwa kufika kliniki saa", kisha nafasi. Simu inapokea "saa 8:00". Mama anayetoka kisiwa cha Bumbire, ambaye atavuka ziwa kwa mtumbwi akiwa na mtoto mgongoni, anausoma ujumbe huo kama unavyosomwa na kila mzungumzaji wa Kiswahili, yaani saa nane mchana. Atafika kliniki imekwisha fungwa. Maneno yote ya ujumbe ni sahihi.

Hazina kubwa ya kimataifa ya desturi za lugha, ile itunzwayo na shirika la Unicode na kutumiwa na simu na kompyuta karibu zote, ina majina ya miezi na siku kwa Kiswahili, na ina maneno kama asubuhi, mchana na usiku. Lakini haigeuzi hesabu ya saa. Programu inayotegemea hazina hiyo peke yake itasema "saa 8:00 asubuhi", saa ambayo haipo. Kwa hiyo hesabu lazima ifanywe ndani ya msimbo. Si hesabu ngumu: katika saa ya kimataifa toa 6, ikibaki sifuri au pungufu ya sifuri ongeza 12, ikizidi 12 punguza 12. Hivyo 08:00 huwa saa 2 asubuhi, 14:00 saa 8 mchana, 20:00 saa 2 usiku, na 06:00 saa 12 asubuhi. Katika hifadhidata saa ibaki katika umbo la kimataifa, ili taarifa za Bukoba ziweze kulinganishwa na za Dodoma bila mkanganyiko. Igeuzwe tu inapoonyeshwa kwa msomaji wa Kiswahili, na igeuzwe kinyume anapoiandika.

Hapo bado kuna swali la siku. Mtoto akizaliwa saa 8 usiku, wazazi wengi husema amezaliwa usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Kalenda ya serikali hubadili tarehe saa 6 usiku, kwa hiyo siku yake ya kuzaliwa ni Jumapili. Fomu inayouliza tu "Siku" na "Saa" itamfanya mkunga aandike Jumamosi, saa 8 usiku, na cheti kitamwongezea mtoto umri wa siku moja. Tungo nzuri ya kuuliza hapo ni ndefu kidogo: "Tarehe ya kalenda (hubadilika saa 6 usiku)". Waandishi wa programu watalalamika kwamba haienei katika kisanduku. Kisanduku na kipanuliwe.

Maneno ya programu na maneno ya data

Hadi hapa tumezungumzia maneno yaliyoandikwa na watunga programu. Lakini katika mfumo wowote wa ofisi kuna maneno mengine yasiyotoka kwao: majina ya vijiji, ya magonjwa, ya aina za mazao, ya aina za ardhi. Haya hukaa katika hifadhidata, na faili la tafsiri haliyagusi. Mfumo wa DHIS2, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika katika taarifa za afya za nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, hutenganisha mambo hayo wazi: kuna tafsiri ya vitufe na maonyo, na kuna tafsiri ya majina yaliyomo katika hifadhidata, kila moja kwa utaratibu wake. Mfumo usiofanya hivyo humpa mtumiaji kioo chenye vitufe vya Kiswahili na orodha za Kiingereza.

Kosa la hatari zaidi nililolikuta katika fikra za watu hutokea hapa, nalo linahusu ardhi. Katika orodha limo neno 'plot', na tafsiri inayokuja mara moja ni "kiwanja". Mzee wa Nshamba au Kamachumu anapoulizwa na ofisa mwenye kishikwambi, "Una kiwanja?" husikia neno la kwao, ekibanja, naye hujibu kwamba anacho. Kibanja cha Mhaya si kiwanja. Ni shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba na mibuni na maharage chini yake, lililorutubishwa kwa samadi na majani kwa vizazi, na humo ndimo walimozikwa waliotangulia. Kando yake huweza kuwapo kikamba, ardhi iliyochoka kidogo, ipandwayo mihogo na viazi vitamu. Na mbali zaidi rweya, mbuga ya majani ya kulishia mifugo na ya kutandazia chini ya migomba. Maneno matatu, namna tatu za ardhi, haki tatu tofauti za kuitumia.

Kisheria tofauti hiyo ni nzito. Kiwanja, kwa lugha ya ofisi zetu, kwa kawaida ni eneo lililopimwa mjini, ambalo huongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Kibanja kilichomo kijijini huongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na mwenyewe hupata hati ya hakimiliki ya kimila. Neno moja lililojazwa katika kisanduku kisicho chake linaweza kuiandika ardhi ya ukoo chini ya sheria isiyo yake, na ofisa atakayeisoma taarifa hiyo makao makuu hatakuwa na njia ya kujua. Buhaya imewahi kuona maneno ya ardhi yakizaa mashauri ya miaka mingi; mfumo wa nyarubanja, uliofutwa kisheria katika miaka ya 1960, ungali katika kumbukumbu za wazee.

Je, mtafsiri afanye nini? Maoni yangu ni kwamba katika orodha ya aina za ardhi kwa Bukoba, Muleba na Misenyi, maneno kibanja, kikamba na rweya yaingizwe kama yalivyo, kila moja na maelezo yake mafupi ya Kiswahili, na neno kiwanja liandikwe "kiwanja cha mjini kilichopimwa". Hii haivunji kanuni za istilahi. Kwa desturi yetu neno likikosekana katika Kiswahili na lahaja zake hutafutwa kwanza katika lugha nyingine za Kibantu kabla ya kwenda mbali; ikulu na kitivo vimetufikia kwa njia hiyo, sembuse ngeli.

Kihaya kama lugha ya tatu

Msimbo ulioandaliwa vizuri hauulizi lugha ni ngapi, na kwa sababu hiyo swali la Kihaya huzuka lenyewe. Wapo watakaosema kwamba kukiweka Kihaya katika mfumo wa ofisi ni kukirudisha nyuma Kiswahili. Sioni hivyo. Kumbukumbu, barua na taarifa hubaki kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na ya ofisi. Lakini swali linaloulizwa kwa mdomo kwa bibi wa miaka 80 katika kijiji cha Ijumbi litaulizwa kwa Kihaya tu, mfumo utake usitake. Tofauti ni kwamba pasipo tafsiri iliyokubaliwa kila ofisa atajitungia yake papo kwa papo, na majibu ya vijiji viwili hayatalinganishika.

Fomu za kukusanyia taarifa kwa simu na vishikwambi zinaliwezesha jambo hili kwa gharama ndogo. Katika mtindo utumiwao na programu ya ODK na nyingi zilizoufuata, fomu hutungwa katika jedwali, na kila lugha hupewa safu yake: swali hilohilo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa Kihaya, na jibu huhifadhiwa kwa alama moja isiyobadilika lugha yoyote itakayotumika. Kihaya kina alama yake katika orodha ya kimataifa ya lugha, nayo ni hay, kama Kiswahili kilivyo na sw. Jirani zake wa Uganda, Kinyankole na Kikiga, vimo tayari katika hazina ya Unicode niliyoitaja, kwa hiyo kazi hii si ya kuanza gizani. Lugha ya akiba kwa Kihaya iwe Kiswahili, kamwe isiwe Kiingereza: tungo ikikosekana, mtumishi wa Muleba aangukie lugha anayoijua.

Jambo moja dogo ambalo waandishi wa programu hulisahau ni kutafuta. Katika matamshi ya Kihaya r na l hazigawanyiki kama zinavyogawanyika katika Kiswahili sanifu, na majina ya mahali huandikwa kwa namna mbili: karani mmoja huandika Rubale, mwingine Lubale. Programu inayotafuta kwa kufuata herufi tu itasema kijiji hakipo, na karani atakiandikisha upya. Kisha kuna majina yanayofanana kabisa: Kagondo ipo katika Manispaa ya Bukoba na ipo Muleba. Kisanduku cha kutafutia hakina budi kuzihesabu r na l kuwa sawa katika mkoa huu, na kuonyesha jina la wilaya kando ya kila kata.

Kabla ya kuipokea orodha

Mtumishi anayeletewa kazi ya tafsiri ana haki ya kuijaribu programu kwanza, na lipo jaribio lisilohitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Wenye programu waombwe watengeneze faili la lugha bandia, ambamo kila tungo imewekewa nyota mwanzoni na mwishoni na kurefushwa kwa theluthi moja. Programu ikifunguliwa kwa lugha hiyo, kila neno lisilo na nyota ni tungo iliyoachwa ndani ya msimbo. Kila neno lililokatwa ukingoni linaonyesha kisanduku kisichoweza kubeba Kiswahili. Na kila mstari wenye nyota katikati ya sentensi umeungwa kwa vipande. Kazi ya saa moja. Mtafsiri akikuta nyota katikati ya sentensi airudishe orodha yote, pamoja na barua, wala asione haya, kwa kuwa kuizuia siku hiyo ni rahisi kuliko kuisahihisha ikiwa imekwisha sambazwa katika zahanati zote za wilaya.

Katika makala haya nimetumia istilahi kadhaa ambazo bado hazijatulia: tungo kwa kipande cha maneno ya kioo, ufunguo, lugha ya akiba, na maandalizi ya lugha nyingi kwa kazi itanguliayo ujanibishaji. Waalimu na watafsiri walio na maneno bora zaidi wanaombwa kuyaleta. Lipo pia swali ambalo haliwezi kujibiwa na mwandishi wa programu, naye amekwisha kutuuliza: saa 10 kabla ya jua kuchomoza ni ya usiku au ni ya alfajiri? Majibu yakieleza na mahali yanapotoka yatasaidia zaidi.